Uso baada ya fila: kipi ni uvimbe wa kawaida, kipi ni hatari, na ufanye nini saa kwa saa

Saa tatu usiku mdogo wangu alinitumia picha ya mdomo wake. Asubuhi ya siku ile, saa nne, alikuwa amechomwa mililita moja ya fila, yaani dawa ya kujaza na kunenepesha sehemu za uso kwa sindano, kwenye mdomo wa juu. Chini ya picha aliandika: "Dada, panauma kuliko wakati wa sindano. Walionichoma wanasema ni kawaida, niweke barafu." Nikaikuza picha. Upande wa kushoto, kuanzia mdomoni kupanda mpaka jirani na tundu la pua, ngozi yake ya maji ya kunde ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na juu yake imejichora mistari ya zambarau mfano wa wavu wa samaki. Nikampigia: toa barafu hiyo, vaa viatu, nakuja kukuchukua.

Mimi ni muuguzi. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshachomwa, yuko mbele ya kioo sasa hivi, na hajui alale au aende hospitali. Sina neno juu ya uamuzi wa kujipamba, huo ni wako. Ninachokitaka ni usilale na mshipa ulioziba kwa sababu mtu kwenye simu amekwambia "ni kawaida" bila hata kukuona.

Anza na maswali manne, kabla hujasoma zaidi

La kwanza ni macho. Funika jicho moja kwa kiganja, soma maandishi yoyote, kisha badilisha. Ikiwa jicho moja limeingia giza au ukungu ghafla, unaona vitu viwili-viwili, kope imeanguka, au jicho linauma sana pamoja na kichwa na kichefuchefu, acha kusoma. Ruka hadi sehemu ya macho hapa chini na utafute usafiri papo hapo. Fanya hivyo hivyo ikiwa upande mmoja wa uso au mwili umelegea au maneno hayatoki sawasawa, kwa maana hizo ni dalili za kiharusi.

La pili ni pumzi. Ulimi kuvimba, koo kubana, sauti kubadilika, mwili mzima kuwasha na kutoka mabaka: huo ni mzio mkali, na dawa yake ni adrenalini ya hospitali. Usimeze kidonge cha mzio ukakaa kusubiri.

La tatu ni rangi ya ngozi na maumivu. Hili ndilo linalowapotosha wengi, hivyo nimelipa nafasi kubwa zaidi.

La nne ni homa, joto, wekundu unaosambaa au usaha. Hapo unahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Kama majibu yote manne ni hapana, vuta pumzi. Huenda una uvimbe tu.

Namna ya kusoma rangi kwenye ngozi nyeusi

Maelezo mengi utakayoyakuta yameandikwa kwa kutazama ngozi za Wazungu: "ngozi inakuwa nyeupe, kisha nyekundu, kisha zambarau." Ngozi yetu haisemi hivyo. Weupe wa kukosa damu kwetu huonekana kama majivu, au kama mtu aliyepauka kwa kukosa mafuta, ila mafuta hayauondoi. Kisha huja weusi wenye uzambarau, mara nyingi kwa mchoro wa wavu au matawi, ukifuata njia ya mshipa.

Fanya hivi. Nawa uso, toa poda na rangi ya mdomo yote. Simama dirishani kwenye mwanga wa mchana, au usiku tumia tochi nyeupe ya simu, maana balbu ya njano hudanganya. Zima vichujio vya urembo kwenye kamera. Linganisha upande wa kushoto na wa kulia.

Kisha geuza mdomo nje uangalie ndani yake na ufizi. Huko hata mtu mweusi tii ana rangi ya waridi. Ikiwa kipande kimoja kimekuwa cheupe au zambarau na cha jirani yake ni cha kawaida, hiyo ni habari nzito. Gusa na ngozi kwa mgongo wa kiganja: sehemu iliyokosa damu huwa baridi kuliko jirani zake.

Mwisho, bonyeza. Weka kidole juu ya sehemu unayoishuku, bonyeza kwa sekunde 5, achia, na uhesabu. Rangi hurudi ndani ya sekunde 1 au 2. Ikichukua 4 au zaidi, huku upande wa pili ukirudi mara moja, damu haipiti vizuri. Kwa mtu mweusi sana kipimo hiki kifanye ndani ya mdomo au kwenye ufizi, ambako utaona.

Kuhusu maumivu kuna mtego. Fila nyingi zimechanganywa na lidokeini, yaani dawa ya ganzi, na juu yake hupakwa krimu ya ganzi kabla ya sindano. Hivyo mshipa unaweza kuziba saa nne asubuhi na wewe ukatoka unacheka, maumivu yakaja jioni ukiwa nyumbani. Maumivu ya sindano hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Yanayoongezeka yahesabu kuwa hatari mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Na kuna mshipa unaoziba bila maumivu makubwa, ndiyo maana usiache kuangalia rangi kwa sababu tu hupati maumivu.

Mshipa ulioziba ukiachwa bila tiba, mambo hufuata mkondo huu: kwanza rangi ya majivu, ndani ya saa chache wavu wa zambarau, siku ya pili au ya tatu vipele vidogo vyenye usaha, kisha ukoko mweusi na kidonda. Hapo kwenye vipele ndipo wengi huambiwa wana chunusi au malengelenge ya homa, wakaandikiwa dawa ya kupaka. Malengelenge ya homa yapo kweli, na sindano ya mdomoni inaweza kuyaamsha kwa mtu aliyewahi kuyapata, lakini huanza kwa muwasho na vilengelenge vya maji vilivyokusanyika. Ukiwa na vipele vilivyotanguliwa na rangi kubadilika, mwambie daktari mfuatano huo, neno kwa neno.

Ukishuku mshipa umeziba

Toa barafu. Barafu ni rafiki wa uvimbe wa kawaida, lakini hukaza mishipa, na mshipa wako tayari una shida. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Piga picha kwenye mwanga ule ule kila nusu saa, na andika saa ya sindano na saa ulipoona dalili ya kwanza.

Mpigie aliyekuchoma na umuulize mambo matatu tu: fila gani, una hyaluronidezi, na je, unanipokea sasa hivi? Akisita kwenye lolote kati ya hayo, nenda hospitali. Usisubiri asubuhi. Hata kama umeshachelewa siku moja au mbili, nenda, kwa kuwa bado kuna ngozi ya kuokoa.

Hyaluronidezi ni kimeng'enya kinachoyeyusha asidi ya hyaluroni, na asidi hiyo ndiyo fila inayotumika zaidi siku hizi. Daktari huichoma kwa wingi kwenye eneo lote lililobadilika rangi. Mwaka 2017 daktari Claudio DeLorenzi alieleza utaratibu ambao sasa unafuatwa na wengi: takriban uniti 500 kwa kila eneo lililoathirika, kisha kurudia kila saa mpaka rangi irudi na kipimo cha kubonyeza kiwe cha kawaida. Nimeitaja namba si ili ujitibu. Nataka ujue kwamba sindano moja ndogo na "rudi baada ya wiki" haitoshi. Kaa pale pale wakuangalie. Daktari anaweza kuongeza aspirini na kukanda eneo, lakini aspirini usijimezee mwenyewe kama una vidonda vya tumbo, ujauzito, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Jambo ambalo lilituokoa usiku ule: tulipofika, mapokezi walisema dawa hiyo hawana. Nikaomba waulize chumba cha upasuaji wa macho. Madaktari wa macho huichanganya hyaluronidezi na dawa ya ganzi wanapofanya upasuaji, kwa hiyo hospitali isiyo na kitengo cha urembo inaweza kuwa nayo kwenye kabati la macho. Ikapatikana. Ukiambiwa "haipo", uliza huko, na kwenye duka la dawa la hospitali.

Waambie pia kama uliwahi kupata mzio mkali wa kuumwa na nyuki, kwa sababu sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha aina hiyo hiyo. Kwa kawaida daktari hupima kwanza kwa tone dogo mkononi. Wakati wa dharura anaweza kuamua asisubiri kipimo, ilimradi adrenalini iko karibu.

Macho: hapa tunahesabu dakika

Mishipa ya uso imeunganishwa na mishipa ya jicho. Fila ikiingia kwenye mshipa na kusukumwa kwa nguvu, hurudi nyuma ikipingana na mkondo wa damu, kisha mkondo huibeba mbele hadi kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au kwenye ubongo. Maeneo yenye hatari kubwa ni katikati ya nyusi, mwanzi wa pua, paji la uso, na mikunjo inayotoka puani hadi pembe za mdomo. Uchunguzi wa ripoti za kitabibu za dunia nzima uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya visa 98 vya kupoteza uwezo wa kuona. Uliofuata, wa mwaka 2019, uliongeza vipya 48. Ukilinganisha na mamilioni ya sindano, ni vichache. Kwa aliyepatwa ni jicho lake.

Retina haivumilii kukosa damu. Makadirio ya zamani yalikuwa dakika 90 hivi, na madaktari wengi leo wanaamini muda ni mfupi zaidi. Kwa hiyo usirudi saluni. Nenda hospitali yenye daktari bingwa wa macho na uwezo wa kutibu kiharusi: kwa Dar es Salaam hiyo ni kama Muhimbili, Moshi KCMC, Nairobi Kenyatta. Ukifika mapokezi usiseme "jicho linaniuma", utawekwa kwenye foleni. Sema hivi: "Nimechomwa fila usoni saa fulani, na jicho hili limeacha kuona ghafla baada ya sindano." Kama tukio limetokea ukiwa bado kwenye kiti, aliyekuchoma aache mara moja, aite msaada, na aambatane nawe akiwa na boksi la fila na hyaluronidezi aliyonayo.

Hakuna tiba inayohakikisha uwezo wa kuona utarudi. Wapo waliorudishiwa, wengi hawakurudishiwa, na ndiyo sababu ninakusukuma ukimbie.

Yale yanayotisha lakini hupita

Mdomo uliovimba mara mbili kesho yake asubuhi ni kitu cha kawaida. Uvimbe hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, kisha unashuka. Damu kuvilia hudumu wiki moja hadi mbili na kubadilika rangi kila siku. Upande mmoja kuwa mkubwa kuliko mwingine katika wiki ya kwanza hakumaanishi umeharibiwa. Uvimbe huondoka kwa mwendo tofauti kila upande. Umbo lako la kweli litaonekana baada ya wiki 2, na kwa wengine 4.

Ikiwa rangi iko sawa, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 inasaidia. Lalia mito miwili. Meza paracetamol ukihitaji. Kwa siku mbili acha mazoezi makali, pombe na mvuke wa moto, na usipake vipodozi siku hiyo ya sindano. Usikande wala kuminya vidonge unavyovisikia chini ya ngozi, hata kama mtandaoni umeona wakifanya hivyo. Miadi ya daktari wa meno isogeze wiki 2 mbele.

Kwa wanaotumia au waliowahi kutumia mkorogo: sema kwa daktari. Mkorogo wenye steroidi hukondesha ngozi na kuifanya ivilie damu kwa urahisi. Najua ni vigumu kulitamka, lakini linabadilisha jinsi atakavyokutibu.

Vinundu vinavyokuja baadaye

Wiki au miezi imepita, ulishasahau, mara pale palipochomwa panavimba. Mara nyingi mwili umeamshwa na kitu kingine: mafua makali, jino lililooza, maambukizi ya sinasi (mifuko ya hewa jirani na pua), au chanjo. Katika majaribio ya chanjo ya Moderna mwaka 2020, washiriki 3 waliokuwa na fila walivimba uso au mdomo, na uvimbe uliisha. Hiyo si sababu ya kukwepa chanjo. Ni sababu ya kumwambia anayekuchanja kwamba una fila.

Kinundu chenye joto, kinachouma, chenye majimaji au usaha kihesabiwe kuwa maambukizi mpaka ithibitike sivyo. Omba sampuli ichukuliwe ioteshwe maabara. Kuna bakteria wa jamii ya wale wa kifua kikuu, wanaoishi majini na udongoni, ambao hawaitikii antibiotiki za kawaida na huchukua wiki kuota. Usikubali kuchomwa steroidi kwenye kinundu kabla maambukizi hayajachunguzwa, na usinunue antibiotiki dukani kwa kukisia. Hyaluronidezi nayo, kwenye ngozi yenye maambukizi makali bila antibiotiki, inaweza kuyasambaza.

Kinundu kigumu kisichouma ni mambo mengine. Daktari ana muda wa kufikiri, na wewe pia.

Chini ya macho kuna tatizo lake lenyewe: fila iliyowekwa juujuu hupindisha mwanga na kuonekana kama kivuli cha buluu, au kwa mtu mweusi kama mfuko uliozidi kuwa mweusi. Huyeyushwa, hata baada ya miaka. Ndiyo, miaka. Fila inayotangazwa kuwa ya miezi 6 inaweza kubaki muda mrefu sana sehemu isiyochezacheza kama hiyo.

Ulichomwa nini hasa?

Swali hili linaamua karibu kila kitu, na wengi hujibu "fila tu" au "botoksi". Botoksi si fila. Hiyo hulegeza misuli, haijazi chochote. Fila zenyewe zina familia. Ya asidi ya hyaluroni inayeyushwa. Ile ya kalsiamu, ile ya asidi ya polilaktiki, na ile ya chembe za plastiki haziyeyushwi na hyaluronidezi. Silikoni ya maji haiyeyushwi na chochote, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaonya isichomwe kwa ajili ya kubadili umbo. Mwaka 2021 ilionya pia juu ya kalamu za kusukuma fila kwa hewa bila sindano, zile zinazouzwa mtandaoni. Ukinunua moja ukajipiga mwenyewe nyumbani, hakuna atakayejua dawa imeishia wapi.

Asidi ya polilaktiki ina historia inayotugusa. Marekani iliiruhusu mwaka 2004 kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU ambao mashavu yao yalikuwa yamebonyea. Wanaokumbuka miaka ya stavudini, dawa ya VVU iliyokondesha mashavu na ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe taratibu mwaka 2009, wanazikumbuka sura hizo, na jinsi mtu alivyotambuliwa na mtaa mzima kwa mashavu yake tu. Kwa hiyo anayeniambia fila ni anasa ya watu wasio na kazi huwa namkatalia.

Kila boksi la fila halali lina stika yenye jina na namba ya toleo. Idai, ibandike kwenye daftari, piga picha. Andika na eneo, kiasi na tarehe. Wakikunyima, daktari wa dharura atakuwa anatibu kwa kubahatisha.

Aibu, lawama na mashtaka

Wanawake huchelewa hospitali kwa sababu mume hajui, au mama alikataza, au hela ilikuwa ya ada. Daktari wa dharura hana haja na yote hayo. Anahitaji saa, eneo na jina la fila. Mtu wa kukusindikiza mchague mmoja anayejua kunyamaza, aingie nawe ndani, aandike yanayosemwa.

Ukipona omba nakala ya faili lako. Bidhaa ikiwa na mashaka, Tanzania taarifa hupelekwa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Mwenendo wa daktari ni wa Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC, baraza la madaktari, kwa Kenya. Aliyekuchoma asiyekuwa mtaalamu wa afya ni suala la polisi pia. Peleka picha zenye saa.

Makovu na madoa meusi yanayobaki yasipakwe mkorogo wala krimu ya steroidi. Krimu ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, kila siku, na daktari wa ngozi. Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha kikanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi. Wenye kurithi keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, waseme mapema.

Kama utarudi tena

Mdogo wangu alichomwa hyaluronidezi mara tatu usiku ule. Alfajiri mdomo ulikuwa umerudi rangi yake. Kimebaki kidoa chini ya pua ambacho anakiona yeye peke yake. Umbo alilolilipia limeyeyuka lote, na baada ya miezi kadhaa akaanza kuulizia kliniki nyingine. Sikumkataza. Nilimwambia asubiri walau wiki 2 tangu kuyeyushwa, ahakikishe atakayemchoma ni daktari aliyesajiliwa na kwamba atapokea simu usiku, na kabla hajalala kwenye kiti aseme: nionyeshe hyaluronidezi. Si "mnayo?", kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo. Nionyeshe vichupa, nivihesabu, nisome tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kliniki ya kwanza walimwambia dawa hiyo huagizwa ikihitajika. Akachukua mkoba wake akaondoka.